Ofisi ya Korongoni

Matroni wa bweni la wasichana alikuwa na pua ambayo mumewe alisema ingefaa kuajiriwa polisi. Akifika chumbani alisimama kwanza mlangoni, akavuta hewa mara moja tu, na kabla hujamaliza kumwamkia ameshajua chini ya kitanda gani zimefichwa soksi chafu, nani ametia mfupa wa kuku kabatini, na ndoo ipi ya kudekia imelala na maji ya jana. Kisha alitoa neno lake: "Khaa!" Hakulisema kwa ukali. Lilimtoka kooni kama mtu aliyemeza nzi, pembe za mdomo zikashuka, na msichana mwenye hatia akainuka mwenyewe bila kuitwa. Kwa sababu hiyo wasichana walimwita Matroni Khaa. Alijua, na wala hakuchukia. Aliona ni jina safi.

Alikuwa amezaliwa katika nyumba ya kupanga, vyumba vingi, choo kimoja. Zamu ya kwao ilipofika yeye ndiye aliyekiosha, kwa kuwa ndiye binti mkubwa wa mama yake, pua imefungwa kitambaa, macho yanatoka machozi. Zamu za wengine zilipofika, wengi walikuwa na safari, au mgongo, au mgeni. Basi kila alipoinama na ufagio alikuta uchafu wake na wa majirani. Akiwa bado mdogo alikwisha kuamua kwamba duniani kuna watu wa aina mbili, wanaoosha na wanaochafua, na katika miaka yote iliyofuata hakuona sababu ya kuongeza aina ya tatu.

Ajabu ni kwamba aliolewa na fundi wa mabomba ya maji taka. Watu walicheka, na mwenyewe fundi alicheka kuliko wote. "Nilimpata nikiwa nimeoga," alikuwa akisema, "na tangu hapo sijaruhusiwa kukauka." Akitoka kazini haingii ndani. Anavua magwanda bandani, anaoga kwenye bomba la uani, halafu anasimama kwenye mlango wa jikoni na kunyoosha mikono, viganja juu, viganja chini.

"Nimefaulu, mama?"

"Kucha. Rudia."

"Za mkono upi?"

"Zote. Na usinipumulie."

Nyumbani hapo waliishi na binti wa kaka yake matroni. Kaka alikuwa amehamishwa mbali kikazi, akamwacha mtoto kwa dada yake ili asikatize shule. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, na majini hakuwa na mwenzake. Shuleni wenzake walimpa jina la Kambare. Shangazi yake alilichukia jina hilo. "Kambare anakaa matopeni," alilalamika. "Hamkuona samaki mwingine?" Lakini jina lilikwisha kushika. Nyumbani Kambare alimwita Shangazi, shuleni alimwita Matroni kama wenzake, hiyo ilikuwa sheria. Na kwa kuwa alikulia mikononi mwake, alikuwa amerithi ule uso. Ukimletea kikombe chenye alama ya kidole, pembe za mdomo wake zilishuka vilevile.

Kila muhula ulipoanza, Matroni aliwapanga wasichana kwenye ujia wa bafuni na kuwahutubia. Hotuba haikubadilika. "Choo ambacho usingekubali kukiosha kwa mkono wako, usikikalie. Msichana anayejiheshimu hajisaidii popote popote kama mbuzi. Jizuie! Tumbo ni lako, si bosi wako." Wasichana waliitikia, "Ndiyo, Matroni," na wengine waliweza kuiigiza hotuba yote, pamoja na namna anavyokunja pua kwenye neno mbuzi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku mkuu wa shule alipomwita ofisini, akamwambia akae, jambo lililomtia wasiwasi mara moja, maana mkuu hakuwa na desturi ya kumwambia mtu akae.

"Mwalimu aliyekuwa aende na wasichana kambini amejifungua jana," alisema mkuu.

"Mungu amkuzie. Kwa hiyo safari imevunjika?"

"Haijavunjika. Unakwenda wewe."

"Mimi? Mkuu, mimi nalala kitandani."

"Ni siku tatu tu. Mahema, kuogelea, hewa safi. Wewe si unapenda usafi?"

"Hewa safi ninayo dirishani kwangu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, na Matroni akatazama pembeni kwa sababu pindo lenyewe lilikuwa na doa la chai. "Bila mwanamke mtu mzima siwezi kuwaruhusu wasichana. Ukikataa wavulana watakwenda, wao watabaki. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Matroni alimfikiria Kambare, ambaye tangu mwaka uanze hakuwa na habari nyingine mdomoni ila lile bwawa refu lililo chini ya korongo, ambalo angeliogelea kwenda na kurudi bila kupumzika. Akasema atakwenda. Alilisema kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Alifungasha sabuni ya kipande, sabuni ya unga, chupa ya spiriti, glavu za mpira na kijiko chake mwenyewe kilichovingirishwa kwenye leso. Mumewe alisimama akitazama.

"Unakwenda kupiga kambi au kupasua watu?"

"Cheka tu."

"Na choo huko kikoje?"

"Mwalimu anayetuongoza anasema kipo."

"Kipo," alirudia fundi polepole, kwa sauti ya mtu anayeifahamu kazi yake, na hakuongeza kitu.

Siku ya safari, kwenye kona za mlimani, watoto walianza kutapika ndani ya basi kabla jua halijapanda. Mvulana mmoja alitapikia kofia yake, akaishika mapajani kwa uangalifu kama bakuli la supu, akawa anauliza kila aliyepita kama doa hutoka. Matroni alikaa na leso puani, dirisha wazi, akila vumbi kwa hiari yake. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya biskuti mbili.

Barabara iliishia ukingoni mwa korongo. Kutoka hapo ilikuwa miguu tu, kwa njia iliyojipinda ukutani mwa mwamba, mpaka chini kabisa. Mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, mtu mchangamfu mwenye kaptula na magoti yenye makovu, alisimama kila baada ya hatua chache akionyesha ukuta mwekundu. "Tazameni matabaka! Hapa mnatembea kwenye kitabu!" Matroni alitazama. Aliona michirizi mirefu myeupe ikishuka kutoka kwenye kila ufa ambao ndege alikuwa ameketi. Kwake yeye ukuta mzima ulikuwa choo cha ndege, na hakuna aliyewahi kukipitishia ufagio.

Chini walipokelewa na mlinzi wa korongo, mwanamume wa makamo, kofia imepauka, meno machache ila anayatumia yote akicheka. Kazi yake ilikuwa kukaa na kila kundi linaloshuka, kuhakikisha hakuna anayezama wala kuharibu kitu. Aliwakusanya mchangani.

"Huku chini hatuchimbi choo," alisema. "Chini ni mwamba. Na penye mchanga, mvua ikinyesha huko juu, maji yanapita yakifukua kila kilichofukiwa na kukipeleka kwenye bwawa mnalotaka kuogelea. Kwa hiyo, kila mlichokuja nacho mnarudi nacho. Na nikisema kila kitu, watoto wangu, nina maana ya kila kitu."

Mlinzi akaenda nyuma ya jabali, akafunua turubai lililotundikwa kwenye miti. Ndani ilikuwapo ndoo nyeupe, kubwa, imewekewa kiti cha plastiki juu, na pembeni mfuko wa vumbi la mbao na kopo la kuchotea. Nje kulikuwa na fimbo yenye kitambaa chekundu.

"Hii ndiyo Ofisi. Ukiingia, simamisha kitambaa. Ukimaliza, mwaga kopo moja la vumbi, funika, teremsha kitambaa, nawa. Ndoo ikijaa tunaikaza kifuniko tunaanza nyingine. Siku ya kuondoka zinapanda juu."

"Zinapandaje?" aliuliza mvulana wa kofia.

"Mgongoni."

"Mgongoni mwa nani?"

"Mwa mwajiriwa wa Ofisi," alisema mlinzi, na wavulana wakaanguka mchangani kwa kicheko.

"Haja ndogo je?" aliuliza Matroni kwa sauti nyembamba.

"Kubwa, ndogo na ya kati, mama. Zote Ofisini."

Matroni hakusema khaa. Alitazama wasichana wake, na wasichana wake walikuwa wakimtazama yeye.

Kuanzia hapo wavulana hawakuzungumza kitu kingine. "Nachelewa kazini!" "Jamani, bosi bado hajatoka?" "Mwenzenu nimepata mkataba wa kudumu!" Bwawa lenyewe lilikuwa zuri, hata Matroni alikiri moyoni kwamba lilikuwa zuri, la kijani, limetulia kati ya kuta mbili, changarawe za chini zinahesabika. Likadumu hivyo mpaka watoto walipoingia. Mmoja alisukutua maji akayatema. Mwingine aliziba tundu moja la pua, akapulizia la pili bwawani, kisha akazama palepale kwa furaha, kinywa wazi. Bandeji ya kidole ilielea ikapita mbele ya mwamba aliokaa Matroni, polepole, upande wenye damu ukiwa juu. Akainua miguu.

Jioni mwalimu wa jiografia alipika tambi kwenye sufuria moja kubwa. Upawa ulianguka mchangani. Aliuokota, akaufuta kwenye kaptula yake, akaendelea kukoroga huku akieleza jinsi mito inavyokata mawe. Matroni alikula biskuti. Alipowatazama wasichana, aliwaona wakichokonoa sahani, mmoja baada ya mwingine, kisha wakazisukuma kwa wavulana, ambao hawakuuliza. Kambare hakugusa hata uma.

Matroni alifurahi. Huo ndio ukweli. Alijiambia, angalau hawa nimewalea.

Siku ya pili jua lilipoingia korongoni, mawe yalipata moto kama vyungu. Mwalimu alikuwa ameweka wakati wa Kambare kuogelea bwawa zima, kwenda na kurudi, na wote wakakaa ukingoni kumtazama. Alivaa fulana yake ya shule na kaptula. Aliingia bila kurusha maji, akaenda kama uzi unaovutwa. Wenzake walipiga makofi alipogusa ukuta wa mbali. Akageuka. Katikati ya kurudi mikono ilianza kuwa mizito. Akasimama, akaelea chali kidogo, akaendelea, na alipofika kwenye mwamba alijivuta juu mwenyewe, akataka kusimama, na magoti yakakunjika. Alikaa chini kama nguo iliyoanguka kambani.

Matroni alifika kabla ya mwalimu. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka, imepasuka pembeni. Mlinzi alichuchumaa, akaifinya ngozi ya nyuma ya kiganja cha Kambare kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kunyanzi la shuka.

"Huyu amekauka," alisema.

"Amekauka vipi, naye ametoka majini?" aliuliza mwalimu.

"Nje ameloa, mwalimu. Ndani hana kitu. Amekula nini huyu tangu mje?"

Mlinzi akamgeukia Matroni, na safari hii hakuwa anacheka. "Kesho tunapanda. Ni kupanda tu, jua kichwani, na hapa hakuna gari wala simu inayoshika. Mtu aliyekauka namna hii akianza kupanda, anaanguka njiani. Na sehemu nyingine za njia ile, kuanguka ni kuanguka mpaka chini. Anywe sasa, ale, na nione mwili wake unafanya kazi yake. La sivyo hapandi. Na asipopanda sijui tutamtoaje."

Wakampeleka kivulini. Matroni alimshikia kikombe, akamwona akivuta funda. Mlinzi alipoondoka, Kambare aligeuza uso, akalitemea lile funda kwenye taulo, taratibu, kwa adabu, akaipanga taulo ili pale palipoloa pasionekane.

"Umefanya nini hicho?"

Kambare akafumba macho.

Aliyejibu alikuwa msichana mdogo kuliko wote, aliyekuwa amejibanza kwenye mlango wa hema akitafuna ukucha. Kwa siku nyingine yoyote Matroni angeukemea ukucha ule kwanza. "Matroni, tumekubaliana."

"Mmekubaliana nini, na nani?"

"Sote. Tusile, tusinywe, ili tusiende… kule. Kambare alikwenda mara moja tu, jana tulipofika. Alitoka akitapika. Ndipo tukasema tujizuie. Wengine tunameza kidogo kidogo tukizidiwa. Yeye hamezi kabisa. Anasema yeye ni wa kwako, akishindwa yeye nani ataweza?"

"Nani aliwaambia mambo ya kijinga kama hayo?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, Matroni? Kwenye ujia wa bafuni. Tumbo ni lako, si bosi wako."

Alilisema vilevile, na pua akaikunja vilevile.

Matroni amewahi kuona mengi ya kuchukiza. Amewahi kuzibua sinki la bweni lililojaa nywele za muhula mzima. Amewahi kupata kitu kwenye sufuria ya maharage ambacho hadi leo hakitaji. Lakini hakukumbuka kuwahi kujisikia kama alivyojisikia alipoyasikia maneno yake yakitoka kwenye kile kinywa kidogo chenye ukucha. Yalikuwa na harufu. Alitamani kuyafunika na kopo la vumbi la mbao.

Akapiga magoti kwa mgonjwa. "Kunywa."

"Siendi kule."

"Nimesema kunywa. Mambo ya kwenda ni baadaye."

"Nikinywa nitakwenda. Shangazi, kuna nzi. Na kiti ni cha moto, kimekaliwa na wote wale." Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. Alikuwa amesema Shangazi mbele ya mtu wa shule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona. "Halafu wewe mwenyewe hujakwenda. Tangu jana. Tumekuangalia."

Ilikuwa kweli. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma, na tangu alfajiri alikuwa akikaa kwa upande mmoja.

Akainuka. Akachukua chupa ya spiriti, akaiangalia, kisha akavaa glavu. Kutoka hemani hadi kwenye lile jabali kulikuwa na uwanja mtupu wa mchanga, na wavulana walikuwa wamejilaza pande zote wakianika nguo.

"Jamani! Matroni anakwenda Ofisini!"

"Kaeni vizuri, mkurugenzi anapita."

"Mheshimiwa, leo kuna kikao?"

"Kikao kipo," alijibu Matroni bila kugeuka, "na wewe wa kofia, ndiye utakayefagia ukumbi." Kicheko kilimsindikiza mpaka kwenye turubai. Alisimamisha kitambaa chekundu kwa mkono wake, juu kabisa, ili hata aliye hemani akione.

Ndani kulikuwa na joto la plastiki iliyokaa juani, na chini ya joto hilo, harufu. Aliitambua. Ilikuwa ileile ya choo cha uani, cha nyumba ya kupanga, harufu ya watu wengi na mwoshaji mmoja. Nzi mmoja mnene, mwenye mgongo wa kijani, alitoka kwenye ndoo akatua mdomoni mwake. Matroni akapiga kelele kifuani bila kufungua midomo. Alimimina spiriti kwenye kiti mpaka ikachuruzika, akafuta, akamimina tena. Kisha hakukuwa na kingine cha kumimina. Alikaa.

Hakufumba macho, aliona akifumba nzi atarudi. Alitazama turubai mbele yake, ambako kidole cha mtu kilikuwa kimepangusiwa, na akachukia kidole kile, akamchukia mwenye kidole, akamchukia mkuu wa shule na mwalimu aliyejifungua kabla ya wakati wake, akalichukia korongo na matabaka yake yote. Ila mwili haukumwuliza maoni. Ulifanya kazi yake.

Alipotoka, wasichana walikuwa wamekusanyika mbele ya hema. Kambare alikuwa ameinua kichwa.

"Khaa!" alisema Matroni, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia bwenini, mpaka ukuta wa pili wa korongo ukairudisha. "Nisiwadanganye. Huko ndani ni kuchafu. Kunanuka, na kuna nzi asiye na adabu hata kidogo. Nimekaa, nimemaliza, sijafa. Yale niliyokuwa nawaambia ya kujizuia yalikuwa upuuzi. Mmesikia? Upuuzi. Sasa mnakunywa maji, kikombe kizima, mbele yangu. Nami nitasimama pale. Kila mmoja akitoka nitakiosha kiti mimi, kwa mkono wangu, kabla mwingine hajaingia. Nani anaanza?"

Walitazamana. Halafu yule mdogo akasema, "Mimi. Mimi nazidiwa kabisa," na akakimbia, na kicheko kikawashika wote.

Basi Matroni alisimama kwenye jabali mchana ule, glavu mikononi, kitambaa mabegani. Kila kitambaa chekundu kiliposhuka, yeye aliingia. Kila alipoingia alichefuka upya. Hakuzoea hata kidogo, na watu wasije wakasema alizoea. Mara moja alikwenda pembeni akatapika biskuti zake kwenye mfuko, akaufunga mfuko mafundo mawili, akarudi kazini. Spiriti ilipokwisha akatumia sabuni. Mlinzi alipita akamwona ameinama, akavua kofia, akapita.

Kambare alikuja mwisho, ameshikwa mkono na mwenzake. Alikuwa amekunywa kikombe, na kingine, na hakutema. Alisimama mbele ya turubai, pembe za mdomo zimeshuka.

"Umekiosha?"

"Mara mbili."

"Na yule nzi?"

"Nimemuua. Nitakuonyesha mwili."

Kambare alicheka kidogo, kicheko kilichomkwaruza koo, akaingia. Matroni aligeuka mgongo, akasimama kama askari wa lindo. Alisubiri. Aliposikia kopo likichota vumbi la mbao, aliegemeza mkono kwenye mwamba, na mwamba ulikuwa na kinyesi cha ndege. Hakuutoa mkono.

Jioni wasichana walikula tambi kana kwamba zimetoka hotelini. Mchanga ulilia menoni mwao. Kambare aliomba tena, na tena, na mwisho akaipitishia ulimi sahani, kingo zote, na shangazi yake akageuza uso lakini hakumkataza. Mlinzi alikuja akaifinya tena ile ngozi ya nyuma ya kiganja. Ngozi ilirudi taratibu. "Bado kidogo," alisema. "Aendelee kunywa. Kesho atangulie mbele, bila mzigo."

Asubuhi ndoo zilifungwa kwenye fremu za mbao zenye mikanda, na zikagawiwa zamu: mwalimu, wavulana, wasichana. Ilipofika zamu iliyokuwa ya Kambare, kwenye sehemu ya mwinuko mkali zaidi, mkono wake ulikwisha kunyooka kupokea mkanda.

"Ondoka hapo," alisema Matroni. "Tembea."

"Mama, mwachie mwalimu," alisema mlinzi. "Ni nzito hiyo."

"Najua ni nzito. Najua na kilichomo."

Waliifunga mgongoni mwake. Ilikuwa na uvuguvugu, kama mtoto mwenye homa, na kila alipopanda jiwe kitu kilihama ndani yake, upande huu, kisha upande ule, chubwi. Kifuniko kilikuwa kimekazwa na watu wawili. Alikuwa amesimama akiwatazama wakikaza, akawaambia wakaze tena. Hata hivyo kila chubwi ilimfanya afunge kinywa. Jasho lilimshuka shingoni na hakuweza kujua kama lilikuwa jasho. Alichukia hatua ya kwanza na akaichukia ya mwisho, na kati yake hakuna aliyoipenda. Macho aliyaweka kwenye visigino vya Kambare, vilivyokuwa mbele yake, vyeupe kwa vumbi. Vilikuwa vikipanda. Viliteleza mara moja kwenye kokoto, moyo wake ukaruka pamoja navyo, vikashika, vikaendelea. Kila kwenye kivuli msichana alisimama, akanywa, akafuta mdomo, akaendelea.

Juu, basi lilikuwa linasubiri, dereva amelala kando ya gurudumu. Walimvua Matroni ile fremu. Alisimama amepanua mikono mbali na mwili wake kama mtu anayesubiri rangi ikauke, midomo imemkauka, kichwa kinamzunguka.

"Maji," alisema. "Nipeni maji ninawe."

Kambare alikuja na chupa. Yalibaki ya mwisho, robo tu. Hakummiminia viganjani. Aliishika mbele ya uso wa shangazi yake.

"Kunywa kwanza."

"Mikono yangu, mtoto. Tazama mikono yangu."

"Nimeiona. Kunywa, Shangazi. Mambo ya mikono ni baadaye."

Chupa ilikuwa na alama za midomo ya watu wengi. Matroni aliitazama, akaipokea kwa viganja vile vile, akainua kichwa, akanywa yote, uso umekunjamana kama anayepewa dawa chungu.